Kopo la biskuti

Nyumbani kwa mama, Wete, Pemba, juu ya kabati la vyombo, pana kopo la bati la biskuti. Rangi yake ya buluu imebanduka pembeni, na mfuniko haufungi mpaka uupige kwa kiganja. Biskuti zake ziliisha Sikukuu moja nikiwa darasa la nne, na tangu hapo kopo lile ni la dawa. Ukilifunua unakuta karatasi za vidonge zilizokatwa kwa mkasi, bila boksi wala maelezo, nyingine zimebaki na kidonge kimoja tu kwenye kona. Mna vya baba, mna vya mama, na kuanzia mwaka 2019 mna na vyangu. Uliza ni dawa gani, na watu wote wa nyumba ile watakupa jibu moja: "Vidonge vya presha."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Hakuna dawa inayoitwa kidonge cha presha. Kuna losatani, kuna amlodipini, kuna bendro, kuna methildopa, na kila moja ina njia yake mwilini. Kwa mwanamke mwenye mimba, kosa la jina moja linaweza kumharibu mtoto figo, na kosa la kuacha majina yote linaweza kumuua mama. Mimi nilikuja kulijua hilo nikiwa na mimba ya miezi mitano, nimekwisha kukosea mara mbili.

Presha yangu niliijua kwa bahati. Watu wa afya walikuja skuli kwetu kupima walimu, nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, mkanda ukakaza mkono, ikatoka 158/100. Nikaambiwa nirudi siku nyingine mbili, zikatoka namba za jirani na hiyo. Nilikuwa na miaka 31 na sina kinachoniuma. Baba ana presha, na babu mzaa baba alimaliza miaka yake ya mwisho kitandani upande mmoja umepooza, kwa hiyo sikubisha. Nikapewa losatani ya miligramu 50 iliyochanganywa na dawa ya kukojoza, kidonge kimoja kila asubuhi, nikawa nakimeza na chai. Jina lake sikulishika. Hakuna aliyeniambia pia kwamba mwanamke anayetaka kuzaa anatakiwa aseme mapema, abadilishiwe dawa hiyo kabla hajabeba. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nimelihesabu langu kwa sababu nilikuwa nataka mtoto na sikumwambia mtu.

Disemba 2021 siku zangu zilipita. Wa kwanza kujua baada ya mume wangu alikuwa shangazi, ambaye jicho lake halikosei kwa mambo haya. Januari alinikuta jikoni nashushia kidonge kwa maji.

"Unameza nini, mwanangu?"

"Vidonge vya presha, shangazi."

"Na hali yako hiyo? Viache. Vinamharibu mtoto."

Nikaviacha siku ile ile. Na hapa nataka kumtendea haki shangazi, maana kisa kama hiki kikisimuliwa spitali, lawama zote hutupiwa mtu mzima wa nyumbani. Shangazi alisema kweli, ila nusu.

Losatani inazuia kazi ya homoni inayobana mishipa ya damu. Ina ndugu zake wanaofahamika sana madukani: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili. Kwa mtu mzima hizi ni dawa nzuri, zinalinda moyo na figo. Lakini mtoto aliye tumboni anaitegemea homoni hiyo hiyo ili figo zake zikue na zifanye kazi. Kuanzia katikati ya mimba, maji anayoogelea kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Figo zikizimwa, maji yanapungua; maji yakipungua, mapafu hayapati nafasi ya kukua na viungo vinabanwa. Madhara makubwa ni kuanzia mwezi wa nne kwenda mbele, ndiyo maana mwanamke anayezimeza, akijua tu ana mimba, hutakiwa azisimamishe. Hiyo ndiyo nusu ya shangazi. Nusu iliyobaki ni kwamba wiki hiyo hiyo apewe nyingine ishike nafasi yake, na hiyo sikwenda kuitafuta.

Nilikaa wiki kumi na moja bila kidonge chochote.

Wasomaji wa mbali wataniuliza kwa nini sikwenda kliniki mapema. Kwetu mimba changa haitangazwi. Mtu husubiri tumbo lijitangaze lenyewe, kwa hofu ya kijicho na kwa hofu ya kutoka maneno kabla ya jambo kutimia. Mimi ni mwalimu, nimesoma, na nilisubiri kama wenzangu. Tena mwili wenyewe ulinihadaa. Katika miezi ya mwanzo mishipa ya mwanamke mwenye mimba hulegea na presha kwa kawaida hushuka kidogo, mpaka katikati ya mimba, kisha huanza kupanda tena. Nilikuwa mwepesi, nalala vizuri, nikasema moyoni labda presha yenyewe imekwisha.

Mwisho wa Machi, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikwenda kliniki nikiwa na wiki 20. Mkunga alipima mara moja, hakusema kitu. Akaniambia nikae dakika tano nimeegemea kiti, miguu chini, nisiongee, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Akapima tena: 162/106.

"Una presha ya zamani?"

"Ninayo."

"Unatumia nini?"

"Nilikuwa natumia vidonge vya presha. Nimeacha."

Akaweka kalamu chini. Alikuwa mama wa makamo, mtandio mweupe, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. "Mwanangu, dawa za presha ni nyingi. Nambie jina."

Sikulijua. Mume wangu alipanda vespa akarudi kwa mama, na baada ya nusu saa akaingia mle chumbani kalibeba kopo la biskuti kwa mikono miwili. Mkunga aliufungua mfuniko, akamimina vyote mezani, akaanza kuvipanga mmoja mmoja kama mtu anayepanga karata. Hiki amlodipini, cha nani? Cha mama. Hiki bendro? Cha baba. Akafika kwenye kipande changu, akakisogeza dirishani. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya jina. Kwenye karatasi ile ya fedha zilibaki herufi za nyuma tu: s-a-r-t-a-n. Akanionesha kwa ncha ya kalamu. "Umeona? Kwa kukata vidonge kumi, mtu amekata na jina."

Alifurahi, akaniambia, kwamba nimeisimamisha. Kisha akanikalisha na kunieleza, bila kunigombeza, kwamba wiki zile kumi na moja mtoto wangu alikuwa analishwa kwa mishipa iliyokazwa, na kwamba presha iliyoachwa bila dawa ndiyo njia ya kuelekea kifafa cha mimba, kondo kubanduka, mtoto kudumaa, na kiharusi kwa mama. Nikatoka na methildopa, miligramu 250 mara tatu kwa siku, na miadi ya kurudi baada ya siku tatu.

Methildopa ni dawa kongwe. Madukani siku hizi watu wasio na mimba hawapewi tena kwa kawaida, zimekuja nyingine nyepesi zaidi. Kwa wajawazito imebaki, kwa sababu umri wake ndio dhamana yake. Huko Uingereza waliwafuatilia watoto ambao mama zao waliimeza wakiwa na mimba mpaka wakafika miaka saba na nusu, wakapima kukua kwao na akili zao, na ripoti ya mwisho ya mwaka 1982 haikuonesha kwamba dawa iliwadhuru. Hii nilimsomea mama sentensi kwa sentensi, kwa sababu mama alikuwa na msimamo wake kwamba mwenye mimba hamezi kitu kilichotoka kiwandani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na sasa ni watu wazima?" Nikamjibu kwa hesabu ni watu wazima tena wana wajukuu pengine. Akanyamaza, na kesho yake alinikumbusha kidonge cha mchana.

Ina kero zake. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nasinzia darasani, mdomo umekauka, miguu mizito. Na Ramadhani iliingia. Dawa ya mara tatu kwa siku haiendi na daku na futari peke yake, na mimi nilikuwa sijawahi kuacha funga kwa hiari. Nilikwenda kumuuliza sheikh wa mtaani. Hakuniachia nafasi ya kujitesa: mgonjwa na mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wamepewa ruhusa, siku zitalipwa baadaye. Nikala mchana jikoni, mlango umerudishwa. Nawaandikia hili dada zangu wanaosogeza vidonge vyote usiku ili wafunge. Dawa ile hugawanywa kutwa kwa sababu nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita, na mchana mshipa unaweza kubaki na mlinzi dhaifu.

Zamani madaktari wengi walikuwa wakiiacha presha ya wastani ya mjamzito bila dawa, 145, 150, wakiogopa kwamba kuishusha kutampunguzia mtoto damu. Aprili ile ile ya 2022, huko Marekani yalitoka matokeo ya jaribio la wanawake zaidi ya 2,400 wenye presha ya tangu kabla ya mimba. Waliopewa dawa mpaka presha ikawa chini ya 140/90 walipata ile hali kali inayotangulia kifafa cha mimba kwa uchache zaidi, walijifungua kabla ya wakati kwa uchache zaidi, na watoto wao hawakuzaliwa wadogo kuliko wa wenzao. Kwa hiyo ukiambiwa "namba yako si mbaya sana, tuiache tu," una haki ya kuuliza tena kwa adabu.

Wiki ya 28 methildopa ilikuwa imefika miligramu 500 mara tatu, na namba bado zinagota kwenye 150. Nikaongezewa nifedipini ile inayoyeyuka taratibu, asubuhi na usiku. Hii ndiyo dawa iliyonitia wasiwasi kuliko zote, na sababu yake ni kichwa. Nifedipini hufungua mishipa, na siku za mwanzo hufungua hata ya kichwani: uso unawaka, kichwa kinagonga, miguu inavimba. Lakini kichwa kuuma ni miongoni mwa dalili za hatari za presha ya mimba yenyewe. Sasa mtu atajuaje? Mkunga wangu alinipa kanuni ambayo nimeishika mpaka leo: kichwa chochote, pima kwanza. Namba ikiwa nzuri na maumivu yakaondoka, subiri. Namba ikiwa juu, au macho yakimeta, au kichwa kikakataa kuondoka, usimsubiri mume arudi kutoka kazini, njoo.

Na nifedipini hiyo inamezwa nzima. Usiivunje, usiitafune, usiiweke chini ya ulimi. Kulikuwa na mtindo, na wazee wengi bado wanaukumbuka, wa kutoboa kidonge cha maji cha nifedipini na kukikamua chini ya ulimi wa mtu aliyezidiwa. Presha ilikuwa ikianguka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba, na ubongo au mtoto hukosa damu.

Juni kusi likaanza kuvuma kwa nguvu na boti zikawa zinaahirishwa. Nilipokwenda kuchukua dawa nikaambiwa methildopa hakuna, nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo hakuna. Nikaanza kuvikata vya akiba viwili viwili ili visogee. Nimekasirika juu ya siku zile mpaka leo. Mtu anaweza kumfundisha mgonjwa kila kitu, akashika kila kitu, kisha rafu ikawa tupu. Nilikwenda duka la dawa, kijana akatafuta, akanitolea karatasi nyingine: "Chukua hii, ya presha ni ile ile." Nikaigeuza. Ilikuwa nzima, haijakatwa, jina linasomeka mwanzo mpaka mwisho: kaptoprili. Nilikuwa na wiki 31, tumbo limefika mbavuni, liko mbele ya macho yake. Nikamrudishia na kumweleza kwa nini, na alinisikiliza, akaandika. Yule kijana si mtu mbaya. Alijifunza dawa kwa majina ya magonjwa, kama sisi tulivyojifunza nyumbani.

Shemeji yangu aliyeko Unguja alinunua maboksi mawili akampa abiria, na tukalisubiri boti bandari ya Mkoani toka asubuhi mpaka magharibi. Siku zile za kukatakata, nimeziandika kwenye daftari: 156, 164, 160.

Julai, karafuu. Uwani kwa mama majamvi yametandikwa, na jioni sote tunakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo huku. Mimi niliwekewa kiti, wengine wamekaa mkekani. Nilikuwa na wiki 34. Kichwa kilikuwa kimeniuma tangu alfajiri, pahali pamoja, juu ya jicho. Nikainama kuchukua kishada, na nilipoinua uso nikaona nukta za mwanga zinacheza juu ya jamvi, kama vumbi la dhahabu, na nikifumba macho bado zipo. Kisha maumivu chini ya mbavu za kulia, mazito, kama mtu anasukuma kwa ngumi kutoka ndani. Shangazi akasema kiungulia, kichwa cha mtoto kimepanda. Mama alinitazama uso ulivyovimba, akatupa karafuu zilizokuwa mkononi, akasema, "Leteni gari."

178/116. Kijiti cha mkojo kilibadilika rangi mpaka mwisho, protini ya alama tatu.

Nikawekewa dawa mbili, na hata katika hali ile niliuliza majina. Haidralazini kwenye mshipa, hiyo ya kushusha presha. Magnesiamu salfeti, hiyo si ya presha kabisa, ni ya kuzuia kifafa. Watu huzichanganya, na nadhani hata wauguzi wachanga huzichanganya: mgonjwa akipata magnesiamu peke yake presha inabaki ilipo, na kiharusi kinaweza kumfikia bila degedege hata moja. Kila moja ina kazi yake.

Magnesiamu kwenye mshipa ilipoingia nilihisi joto limenianzia kooni likashuka mpaka nyayoni, kama nimetumbukizwa kwenye maji ya kukandwa. Kisha sindano mbili za makalio, gramu tano kila upande, ambazo maumivu yake siwezi kuyaeleza. Kila baada ya saa nne, kabla ya sindano nyingine, mkunga wa zamu alikuwa akija na taa ya simu. Anahesabu pumzi zangu, ziwe 16 au zaidi kwa dakika. Anatazama mfuko wa mkojo, uwe umeingia angalau mililita 30 kwa kila saa. Kisha ananyanyua goti langu kwa mkono mmoja na kuligonga chini yake kwa ubavu wa kiganja, na mguu wangu, wenyewe bila mimi, unarusha. "Haya, bado uko nasi," anasema, anatia sindano. Magnesiamu ikizidi mwilini, hicho ndicho kinachopotea mwanzo, kile kirusho cha mguu; baadaye pumzi. Kwenye trei pembeni kulikuwa na kichupa cha kalsiamu glukoneti, dawa ya kuitengua, kimewekwa tayari na sindano yake. Nilikuwa nakitazama kila taa ikiwaka.

Sindano hiyo ina ushahidi mzito. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na magnesiamu ilipunguza hatari ya kupata kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi ya bei ndogo.

Mama alikaa nje ya mlango usiku kucha. Alfajiri aliingia na chupa ya kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa na yule yule sheikh wa mtaani, akamuuliza mkunga kwa sauti ya chini kama naweza kunywa. Nilidhani atakataliwa. Mkunga akasema, "Kidogo, bibi, aonje. Na sindano ya saa mbili iko pale pale." Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, na hapo ndipo aliponisimulia kisa ambacho katika miaka yangu yote sikupata kukisikia. Dada yake mkubwa alianguka uwani na mimba ya miezi minane, povu mdomoni, mwili unatetemeka. Wakasema amepandisha shetani. Akaitwa mganga, ubani ukafukizwa, ngoma ikatafutwa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, na mtoto ndani. "Alikuwa akilia kichwa siku mbili," mama akasema. "Kichwa tu."

Walinianzishia uchungu, na binti yangu alizaliwa kesho yake, kilo 1.9. Njiti, lakini analia. Nikafungwa naye kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, kwa siku kumi na mbili.

Watu husema dawa ya presha ya mimba ni kuzaa. Kwa sehemu ni kweli, kondo likitoka chanzo cha kifafa kimetoka. Lakini mwili hauzimiki kama taa. Presha huwa na tabia ya kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambao mama kwa kawaida amekwisha kurudishwa nyumbani, na kifafa kinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya uzazi, mpaka wiki ya sita. Yangu siku ya tano ilikuwa 170/108.

Hapo dawa zikabadilishwa tena. Methildopa ilisimamishwa, kwa sababu huweza kumtia mtu huzuni nzito, na mama aliyetoka kuzaa ana hatari hiyo hata bila dawa. Nifedipini ikaendelea, inafaa kwa anayenyonyesha. Na binti alipokwisha kunenepa, daktari akaniandikia enalaprili. Nilishtuka, nikamwambia dokta, hii ni ndugu ya losatani, niliambiwa ni haramu kwangu. Akafurahi nimeuliza. Ilikuwa haramu mtoto akiwa tumboni, akasema; kwenye maziwa inapita kidogo sana, na tulichokuwa tunasubiri ni njiti akomae figo. Ukoo ule ule wa dawa uliokatazwa Machi ukawa ndio unaotakiwa Agosti. Mtu anayejua "vidonge vya presha" tu, mambo haya atayafuata vipi?

Wiki sita ni siku 42. Na sisi tuna arobaini. Sijui kama kuna pahali pengine duniani ambapo desturi na hatari vimekutana hivi kwa hesabu. Siku zile mzazi haendi popote. Anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, anazungukwa na wanawake waliozaa kabla yake. Kwa upande mmoja hili linanitisha, kwa sababu mwenye presha anafungiwa ndani katika siku ambazo angetakiwa apimwe, na kichwa chake kinaitwa uchovu wa uzazi. Kwa upande mwingine, hakuna mwanamke anayetazamwa na macho mengi kama yeye. Yanayokosekana ni mkanda na daftari. Na ng'onda na papa wa chumvi waondolewe kwenye sinia yake, hilo nililigombania mwenyewe.

Bibi aliyekuja kunikanda ana zaidi ya miaka sabini. Mume wangu alikuwa amenunua mashine ya presha ya betri, na siku ya kwanza bibi aliniuliza kile ni nini. Nikamfundisha: mkanda juu ya kiwiko, usiubane, kidole kimoja kipite, tusiongee. Kutwa moja alikuwa amekwisha kuushika. Kila asubuhi, kabla maji hayajachemka, ananivisha, ananikaripia nikifungua mdomo, kisha anaandika kwenye daftari. Skuli bibi hakusoma, alisoma chuoni, chuo cha Kurani, kwa hiyo namba zangu zote za arobaini zimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, kwa kalamu ya risasi, mstari mmoja kila siku. Pembeni ya kila mstari kuna alama mbili ndogo: nifedipini imemezwa asubuhi, imemezwa usiku. Nilipolipeleka daftari kliniki, mkunga wangu wa miwani alivisoma kimoja kimoja kwa kidole, hakunitaka nimfasirie. Mstari wa mwisho ni 134/86.

Nikibeba tena, mambo yataanza mapema. Aspirini ndogo kila usiku kuanzia wiki ya 12, kwa sababu mwenye presha ya zamani na aliyewahi kupata iliyonipata mimi yuko kwenye kundi la hatari kubwa. Mwaka 2017 lilitoka jaribio lililofanywa kwa wanawake walio hatarini, miligramu 150 kila usiku mpaka wiki ya 36, na presha ile ya mimba inayolazimisha kuzaa kabla ya wakati ilipungua kutoka wanawake 4 na ushei katika kila 100 mpaka chini ya 2. Ianze kabla ya wiki ya 16, na iandikwe na daktari. Si kila mjamzito anaihitaji. Safari hii nitakwenda kliniki kabla ya kumwambia shangazi.

Kopo bado liko juu ya kabati. Limepakwa rangi, na ndani lina mifuko mitatu ya kitambaa aliyoishona mama, kila mmoja na mwenyewe. Mkasi umehamishiwa chumba cha kushonea. Mdogo wangu aliolewa Disemba, yuko Konde, na amerithi presha ya baba kama mimi. Wiki iliyopita alinipigia, tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, mpaka tunaagana ndipo akasema wanataka kujaribu mtoto, na yeye anameza vidonge vya presha. Nikamuuliza jina. Akasema ngoja, nikamsikia anavuta mtoto wa meza, anageuza karatasi, anasoma silabi kwa silabi: li-si-no-pri-li. Jumatatu tunakwenda wote kliniki. Nimemwambia aje na karatasi nzima.